Feni, Vumbi na Ilimba ya Chamwino

Kijana aliyenialika Chamwino alinitumia sauti kwanza, salamu baadaye. Ilikuwa rekodi ya babu yake akipiga ilimba, imefanywa nyumbani, chumbani, kwa kompyuta ya mezani na maiki moja ya kondensa. Upigaji wenyewe ulikuwa wa kumtoa nyoka pangoni. Lakini chini yake, tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho, palikuwa na mvumo wa hewa usiopanda wala kushuka, na kila babu alipoinua vidole mvumo ule ulisogea mbele ukashika nafasi iliyoachwa wazi. Ndipo likafuata swali: "Kaka, hii noizi ya kompyuta nitaitoaje?"

Jibu la haraka lipo, na vijana wengi wenye studio za chumbani wanalijua: unaiingiza rekodi kwenye programu, unabonyeza, noizi inatoka. Sikutaka kumpa hilo. Narekodi muziki nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam, na katika jambo hili nina msimamo ambao wenzangu wameuchoka: kelele ya kompyuta huzuiwa kabla haijaingia kwenye maiki. Ikishaingia, kinachobaki ni kuchagua utapoteza nini pamoja nayo. Kwa ilimba msimamo huo una uzito zaidi, nitaeleza kwa nini. Na kwa kuwa sikuwa nimewahi kukanyaga Dodoma maishani mwangu, nilimwambia jibu nitamletea mwenyewe.

Mzigo haukuwa mkubwa, ila ulikuwa mzito: waya mbili za maiki za mita 15 kila moja, bisibisi, brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kuguswa na rangi, kibomba cha pesti ya prosesa, diski ya SSD niliyoitoa kwenye laptopu iliyokufa, na vipande vya sponji. Kwenye stesheni ya treni ya umeme mizigo hupita kwenye mashine ya ukaguzi, na roli la waya halikumfurahisha askari. Akaniomba nifungue begi.

"Hii ya nini, kaka?"

"Ya maiki."

"Unakwenda kuhubiri?"

Nikamwambia nakwenda kumrekodi mzee mmoja wa Kigogo. "Basi utakula mlenda mpaka ukome," akasema, akafunga zipu mwenyewe.

Treni hii ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, na mwendo wake hufika kilomita 160 kwa saa. Wengi hukaa dirishani kutazama kasi. Mimi nilikuwa nasikiliza. Tumezoea garimoshi la dizeli linalonguruma kabla halijaonekana. Hili la umeme lina sauti ya magurudumu na upepo tu, na juu ya vichwa vyetu mpulizo wa kiyoyozi. Kiyoyozi chenyewe sikukisikia mpaka tuliposimama Morogoro na sauti nyingine zote zikanyamaza. Kilikuwepo muda wote. Sikio la mtu lina ukarimu wa namna hiyo: sauti isiyobadilika hulihama baada ya dakika chache, ubongo ukaiweka kando. Maiki haina ukarimu. Inaandika kila kinachoifikia, na ndiyo maana mtu hukaa chumbani mwake mwaka mzima akiamini pana utulivu, mpaka siku anaporekodi.

Milima ya Uluguru ilibaki kushoto. Baada ya Kilosa tukaingia kwenye mahandaki, giza na mwanga, giza na mwanga, na tulipotoka upande wa pili nchi ilikuwa imebadilika. Kidete, Gulwe, Igandu: majani yakapungua, mibuyu ikaongezeka, udongo ukawa mwekundu kisha wa kijivu kisha mwekundu tena. Mwenzangu wa kiti, mama aliyekuwa akirudi nyumbani, aliniona nikikodoa macho. "Hapa mvua ni ya miezi michache tu, mwanangu. Iliyobaki yote ni upepo." Alikuwa ananipa taarifa ya kiufundi bila kujua.

Upepo ule nilikutana nao nilipotoka nje ya stesheni. Dodoma ya Julai ina jua kali na baridi kwa wakati mmoja, na upepo wake unabeba vumbi laini linaloingia kwenye meno. Nilipanda daladala la kurudi mashariki kwa barabara ya Morogoro, tukapita Ihumwa na Buigiri, na kilomita thelathini na kitu kutoka mjini nikashushwa Chamwino. Watu wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya Ikulu. Wapenzi wa ngoma wanalijua kwa sababu nyingine: hapo hufanyika tamasha la muziki wa Wagogo, na watoto hukua wakisikia zeze, marimba na ngoma za muheme.

Kijana alinipokea kwa "mbukwenyi" na kicheko, kwa sababu sikujua nijibu nini. Babu yake alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mti. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu. Ndiye fundi wa kelele?" Nikakubali cheo.

Studio ilikuwa chumba cha matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, juu mabati bila dari. Meza, kitanda, kompyuta ya mtumba ya aina zile zinazotolewa maofisini Ulaya na Uarabuni zikiwa bado na nembo za mali ya kampuni ubavuni. Alikuwa ameifunika kwa blanketi zito. Nia yake ilikuwa njema: kuziba sauti. Nilipoliondoa blanketi, kifuniko cha chuma kilikuwa cha moto kiasi cha kuondoa mkono, na feni ilikuwa ikizunguka kwa nguvu zote. Kompyuta hupumua. Ukiiziba hewa, joto hupanda. Joto likipanda, chombo kinachopima joto la prosesa huiamuru feni iongeze mwendo. Feni ikiongeza mwendo, kelele huzidi ile uliyokuwa unaikimbia. Blanketi lilikuwa linatengeneza kelele zaidi kuliko lilivyokuwa linaizuia.

Kabla ya kugusa kitu kingine tulirekodi chumba kitupu. Babu alibaki nje, sisi tukanyamaza, geini tukaiacha palepale ilipokuwa siku ya ilimba, kisha tukasikiliza kwa hedifoni. Ni kazi inayodharauliwa, na bila kazi hiyo mtu hununua vitu ambavyo havihitaji. Noizi karibu kamwe haiwi moja. Katika ile tuliyoisikia kulikuwa na shuu ya feni, pana, haina noti. Chini yake kulikuwa na mlio mwembamba wenye noti kabisa: diski ya zamani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, ikitikisa sanduku, sanduku likitikisa meza, meza ikiimba. Nilipoinua sanduku mikononi mlio ukakatika, nilipolirudisha ukarudi. Halafu kulikuwa na ngurumo ya umeme wenyewe, na mwisho mikwaruzo midogo kila kijana aliposogeza mausi.

Tuliizima, tukaichomoa, tukaifungua. Sijawahi kuona vumbi la namna ile. Kule pwani vumbi la ndani ya kompyuta lina unyevu na chumvi, linashika kama gundi. Hili la Chamwino lilikuwa kavu, laini kuliko unga wa muhogo, na lilikuwa limejaza mapezi yote ya kipoza joto juu ya prosesa hata hewa isipate pa kupita. Tulilitoa nje, upande wa chini ya upepo, kwa brashi na pampu ya baiskeli. Mabawa ya feni nilimwonyesha ayashike kwa kidole wakati wa kupuliza, maana feni ikizungushwa kwa hewa kupita kiasi bearingi zake huumia, na bearingi iliyoumia ina kelele isiyotibika. Pesti ya zamani kati ya prosesa na kipoza ilikuwa imekauka na kupasuka. Tuliikwangua, tukapaka mpya, tone tu.

Diski tukaibadilisha. SSD haina kinachozunguka, kwa hiyo mlio wa 120 uliondoka wote, moja kwa moja. Zile za zamani hazina haja ya kutupwa. Zinafaa kuhifadhia, mradi zichomolewe wakati wa kurekodi. Chini ya sanduku tukaweka sponji.

Kisha likaja jambo ambalo halina gharama hata senti, na nashangaa kwa nini halisemwi zaidi. Kurekodi maiki moja au mbili ni kazi nyepesi sana kwa prosesa ya leo, hata ya mtumba. Kinachoichosha ni programu zilizofunguliwa nyuma yake na tabia yake ya kukimbilia mwendo wa juu kila inapopata kisingizio. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kiwango cha juu cha prosesa kikishushwa kutoka asilimia 100 hadi 99, ile kasi ya ziada hujizima kwenye mashine nyingi. Joto hushuka, feni hutulia. Kijana alifanya hivyo huku akinitazama kwa mashaka, kisha akainamisha sikio kwenye sanduku, kisha akaenda kumwita mdogo wake aje asikilize.

Ngurumo ya umeme ilitaka fundi mwingine. Nilipogusa chuma cha saundikadi, ilipungua, nilipoachia, ikarudi. Hiyo ni dalili ya ethi isiyofanya kazi. Soketi ilikuwa na matundu matatu, lakini la tatu lilikuwa pambo. Wapo wanaotibu hali hiyo kwa kukata pini ya ethi ya chaja au ya ekstensheni, na mara nyingine ngurumo hukata kweli. Pia kinachokatwa ni kile kinachomkinga mtu asipigwe na umeme, na maiki ni chuma kinachowekwa mbele ya midomo ya watu. Tukamwita fundi umeme wa kijijini. Akafuata waya, akaukuta umechomoka kwenye fimbo iliyochimbiwa nyuma ya nyumba. Alipourudisha akaona bado haitoshi: ardhi ya Julai kule ni kavu, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Akachimba kuzunguka fimbo, akamwaga chumvi na ndoo ya maji. Bibi mwenye nyumba aliitazama ndoo ile ikimezwa na ardhi bila kusema kitu, na nilielewa kwamba katika orodha ya gharama za siku ile ndoo ndiyo ilikuwa kubwa.

Mchana tulikula ugali wa uwele na mlenda. Askari wa stesheni alikuwa sahihi, isipokuwa sikukoma.

Wakati wa kula babu akaniletea ilimba niishike. Ni sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma vilivyopangwa juu yake, vya kubonyezwa kwa vidole gumba. Watu husema "marimba ya mkono" wakadhani wamemaliza. Vipo vijiti ambavyo babu havigusi kabisa. Vinaitikia vyenyewe vijiti jirani vinapolia. Na kwenye tundu la sanduku pamebandikwa utando wa buibui, mweupe, mwembamba kuliko karatasi ya sigara. Sauti inapotoka sandukuni utando unatetemeka na kuongeza mnong'ono wa mikwaruzo juu ya kila noti. Asiyejua atadhani chombo kimepasuka. Babu alinionyesha ilimba nyingine ambayo utando wake ulikuwa umetoboka. "Hii imekufa," akasema, na kweli, noti zilikuwepo zote lakini zilikuwa uchi.

Hapo ndipo kazi yetu ilipokuwa na utata wake. Mnong'ono wa utando ni sauti pana, haina noti, iko chini kwa nguvu, na inafifia taratibu. Ukiuchora kwenye skrini, una sura ileile ya feni.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kuogopa programu za kusafisha. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyechunguza muziki wa Afrika kwa miongo mingi, ameeleza kwamba ngazi ya sauti ya Wagogo inafuata mfululizo wa asili wa sauti zinazozaliwa ndani ya sauti moja ya msingi: mara nne, mara tano, mara sita, kuendelea mpaka mara tisa au kumi. Hazifuati vituo vya kinanda. Sasa, umeme wetu wa Tanzania hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na ngurumo yake huja na watoto wake: 100, 150, 200, 250. Yaani nayo imejengwa kwa mfululizo uleule. Mtu akichukua kichujio cha kukata kila zidisho la 50, na ilimba ikawa imelinganishwa karibu na hapo, atakuwa anakata chombo chenyewe, ngazi kwa ngazi. Nilimweleza babu hili kwa Kiswahili changu cha mjini. Akacheka. "Kumbe TANESCO nao ni Wagogo."

Jioni tukarekodi jaribio chumbani. Tofauti ilikuwa kubwa, lakini feni bado ilikuwepo, ndogo, ya mbali, hasa mwishoni mwa wimbo. Ilimba ni chombo cha sauti ya chini. Geini inabidi ipandishwe, na geini haichagui, inapandisha vyote. Tuligeuza mpangilio. Kabla yake babu alikuwa akikaa kati ya maiki na kompyuta, kwa hiyo maiki ilikuwa inamtazama babu na feni kwa pamoja. Maiki ya kadioidi husikia zaidi mbele na kidogo sana mgongoni, basi mgongo ukaelekezwa kwa kompyuta. Tukaisogeza maiki karibu na ilimba, sentimita 30 hivi. Kila unapokata umbali nusu, chombo hupata desibeli kama 6 bure, na noizi ya chumba inabaki ilivyo. Usisogee mno, maana kucha zitasikika kuliko noti.

Kisha tukagonga mwamba wa chumba chenyewe. Nje, sauti hupungua kila umbali unapoongezeka maradufu. Ndani ya chumba kidogo cha saruji na bati haiendi popote: inagonga, inarudi, inagonga tena, na baada ya mita moja au mbili kuihamisha kompyuta kona hii kwenda ile hakubadilishi kitu. Mgongo wa maiki nao hausaidii pale feni inapokuja kwa njia ya ukuta wa mbele. Zaidi ya hayo, jua lilipozama bati lilianza kupoa, likawa linalia ta, ta, ta, kila moja mahali pake.

Nilitoka nje kunyoosha miguu, na nyuma ya zizi nikaona tembe.

Ilikuwa nyumba ya zamani ya familia, ile ya Kigogo yenyewe: kuta fupi nene za miti na udongo, paa la bapa la udongo juu ya miti, mlango wa kuinamia. Siku hizi inahifadhi magunia ya uwele na mtama, na kuku watamiao. Niliingia, nikapiga makofi. Kofi lilikufa palepale. Hakuna bati la kulia, udongo wa paa haupigwi na upepo ukasikika, kuta hazikunyooka kiasi cha kurudishiana sauti, na magunia yaliyojaa nafaka hunyonya mwangwi kwa namna ambayo watu hununulia sponji za bei mbaya mjini. Nilimwita kijana. Aliinama mlangoni, akapiga kofi lake, akanitazama. "Kaka, humu babu ndimo alimozaliwa."

Kutoka tembe hadi chumba cha kompyuta hapakufika mita 30. Hapo ndipo waya zangu zilipolipa nauli yake. Waya wa USB unaounganisha saundikadi na kompyuta haupaswi kuzidi mita 5, kwa hiyo saundikadi ilibaki chumbani. Waya wa XLR wa maiki ni kitu kingine. Ndani yake sauti husafiri katika nyuzi mbili, moja ikiwa kinyume cha nyingine. Kelele ya umeme itakayodandia njiani huingia kwenye zote mbili kwa namna moja, na saundikadi inapotoa tofauti kati ya nyuzi hizo, sauti hubaki na kelele hujifuta. Volti 48 za kuendeshea maiki ya kondensa hupita humohumo. Tuliunga waya mbili, tukazifukia kwa mchanga uwanjani kwa sababu ya mbuzi, na kompyuta ikabaki kule, imefungiwa mlango, ipige kelele itakavyo.

Shida ikawa ya mawasiliano. Kijana alikuwa kwenye kompyuta, mimi na babu tembe, na simu nilizikataza zote, hasa vitochi, maana vinapotafuta mtandao vinaingiza tititi kwenye waya. Mdogo wake alisimama katikati ya uwanja. Akiinua mkono, tunarekodi, akiushusha, basi. Alifanya kazi hiyo kwa ukali kuliko prodyuza yeyote niliyemwona, na mara mbili alishusha mkono kwa sababu zake mwenyewe: punda kapita.

Tulisubiri upepo utulie, usiku. Kuku walikuwa wamehamishwa. Babu alikaa kwenye gunia, akapiga.

Sitajaribu kuueleza muziki. Nitasema tu kilichosikika mwishoni, kwa sababu ndicho nilichokifuata. Noti ya mwisho ilipigwa, ikafifia, vile vijiti visivyoguswa vikaendelea, mnong'ono wa buibui ukabaki peke yake ukizidi kuwa mwembamba, na tuliposikiliza kwenye hedifoni tuliweza kuufuata hadi ulipoisha. Katika rekodi ya zamani sehemu hiyo yote ilikuwa feni.

Asubuhi kijana akataka kujaribu lile jibu la haraka, na nikaona ni haki yake. Alikuwa na Audacity, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg. Kifaa chake cha kupunguza noizi kinafanya kazi kwa njia inayoeleweka: unakionyesha kipande cha noizi tupu, kinapima nguvu yake katika kila ukanda wa sauti, kisha katika rekodi nzima kinashusha chochote kilicho chini ya kipimo hicho. Kwa hotuba au mahojiano, kikitumiwa kwa mkono mwepesi, kinafaa. Alikiweka kwenye rekodi ya zamani. Feni ikaondoka. Akampa babu hedifoni.

Babu alisikiliza mpaka mwisho, akazivua polepole.

"Mmemtoa buibui," akasema.

Hatukuwa tumemwambia tumefanya nini. Programu ilikuwa imekata mnong'ono kila uliposhuka chini ya kipimo cha feni, na mahali pake pakabaki vijisauti vya majimaji, vinavyotokea na kupotea. Kijana akapunguza makali ya kifaa: buibui akarudi, na feni naye. Walibishana nusu saa juu ya kipi kibaki. Babu aliitaka rekodi ile ya zamani hivyohivyo na feni yake, kwa sababu vidole vyake siku ile vilikuwa vyepesi kuliko jana usiku, na nikisema ukweli alikuwa sahihi. Upigaji mzuri wenye noizi ninauchukua mbele ya upigaji wa wastani uliotakata. Nilichokipinga ni kuamini kwamba kitufe kingeweza kutupa vyote viwili.

Nilimuuliza babu kama aliwahi kumsikia Hukwe Zawose. Swali la kijinga kumuuliza Mgogo wa rika lake. Zawose, aliyefariki Desemba 2003, alifundisha Bagamoyo na kuipeleka ilimba hadi studio za Real World za Peter Gabriel huko Uingereza, ambako albamu yake ya Chibite ilitolewa mwaka 1996. Babu alisema kitu kimoja tu: kwamba katika kanda zile buibui yupo. Wale walikuwa na vyumba vilivyojengwa kwa kazi hiyo, mashine zikiwa upande wa pili wa kioo. Sisi tulikuwa na uwanja wa mbuzi badala ya kioo, na kanuni ileile.

Kijana sasa anatafuta waya zake mwenyewe. Zangu nilimwachia kwa makubaliano, na nimemshauri asinunue kompyuta mpya bado. Akipata fedha siku moja, laptopu zisizo na feni zipo, kama MacBook Air zenye chipu za Apple zenyewe, zilizoanza kutoka mwishoni mwa mwaka 2020, na hiyo itamaliza nusu ya mada hii. Lakini bei yake ni mbuzi wengi, na tembe anayo tayari. Zaidi alihitaji ratiba ya kupuliza vumbi, maana mahali pale mapezi ya kipoza yatajaa tena kabla ya mvua.

Siku ya kuondoka kwangu, akina mama wa muheme walikuja. Habari zilikuwa zimeenea kwamba pana fundi, nao walitaka zamu yao. Kijana akaanza kukunja waya kuelekea tembe. Nikamzuia. Muheme hupigwa ikiwa imebanwa kati ya mapaja, mikono mitupu, na kundi la akina mama wakipiga kwa pamoja huku wakiimba, feni ya kompyuta haina la kusema. Noizi haina ukubwa wake peke yake. Ukubwa wake ni dhidi ya kinachorekodiwa. Tulitoa meza nje, kompyuta juu yake ikiwa wazi kabisa, hatua chache tu kutoka kwa wapigaji, geini tukaishusha karibu na sifuri, na kwenye maiki tukavisha soksi ya sponji kwa ajili ya upepo. Kilichotusumbua mchana kutwa kilikuwa kivuli. Kila jua liliposogea tulisogeza meza, na akina mama wakatungoja wakicheka.